Bahasha Ndani ya Kitambaa cha Mkate

Dandenong, 20 Februari 2017

Kwa Shangazi Nikbakht,

Salaam nyingi, na nakubusu mikono yote miwili, ule wa sindano kwanza. Vipi magoti? Vipi wasichana wako wa darasa la kushona, bado wanajichoma vidole na kukulaumu wewe? Mimi mzima. Bado nipo kiwandani, nafunga saladi kwenye mifuko. Huko Quetta niliuza mboga, huku Australia nazifunga. Mboga na mimi hatujaachana.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya kwenu ikilia inasikilizwa na watu tisa, na mama ndiye wa kwanza. Barua hii isome peke yako.

Baraza la rufaa limenikataa. Uamuzi una tarehe 13 Januari na kurasa ishirini na sita. Mjumbe aliyenihoji ameandika kwamba haamini nilikuwa kwenye msafara wa wauza mboga siku tuliyopigwa risasi, kwa sababu sikuleta karatasi yoyote ya kuthibitisha. Wizara ilininyima viza ya hifadhi kwanza, Baraza ndilo lilikuwa la kuisahihisha Wizara, na sasa nalo limesema hapana. Wakinirudisha, ni barabara ile ile ya sokoni, na watu wale wale wanaotuwinda sisi Wahazara, walionitumia ujumbe kwamba safari nyingine hawatakosea.

Sasa cheka kidogo, maana mimi nimeshacheka. Kama nilivyokuambia Novemba, yule mama Mjumbe aliniuliza mwenyewe, "Unataka wiki mbili zaidi ulete karatasi?" Nikamjibu, "Hapana, asante, usijisumbue." Nikakaa nikisubiri aulize mara ya pili, kama mtu yeyote aliyelelewa. Akafunga faili. Huku wanauliza mara moja tu, Shangazi. Ukisema hutaki chai, huletewi chai. Na mimi nikaona haya kurudi kuomba kitu nilichokwisha kukikataa.

Nimepeleka shauri mahakamani kabla zile siku thelathini na tano hazijaisha. Usimwambie mama. Na tafadhali usitume kitu chochote kwa mtu yeyote.

Wako, Barat Ali

*

Quetta, Pakistan, 28 Machi 2017

Barat, jicho langu,

Nimepokea salaam zako na mikono yangu imebusiwa vya kutosha. Magoti yanauma, asante, yanauma vizuri kuliko mwaka jana. Nowruz, mwaka mpya wetu, imepita salama. Mama yako alipika wali wa mchicha akatenga sahani yako kama kawaida, na kaka yako akaila kama kawaida.

Kwa hiyo ulikataa wiki mbili. Nani alikulea wewe? Usijibu, najua ni mimi. Ulipokuwa na miaka sita nilikupiga kofi nyumbani kwa watu kwa sababu ulichukua halua mara ya kwanza ulipokaribishwa. Kofi lile nalijutia leo.

Huyo jaji wa sasa mwambie kila kitu tangu mwanzo. Mwambie mlitoka alfajiri malori kumi na moja, askari mbele na nyuma, mwambie risasi iliingilia wapi. Mvulie shati umwonyeshe bega. Jaji ni mtu, ana macho.

Jambo moja nakuuliza, na usiniulize kwa nini nauliza. Katika kurasa hizo ishirini na sita, kuna mahali wameandika habari ya familia yako? Kwamba ni watu wa namna gani? Soma mpaka maandishi madogo ya chini.

Shirin Gul, jirani yetu aliyekuja kwenye harusi akarudi huko kwenu Desemba, ukimwona msalimie. Lakini usimsumbue kwa maswali, mama wa watu ana presha.

Shangazi yako

*

Dandenong, 2 Juni 2017

Shangazi yangu,

Salaam kwako na kwa wote, na poleni na baridi iliyopita, sasa imehamia huku. Nimepata chumba kwa familia ya Wahazara wenzetu, watoto wanne, kelele nyingi, maandazi ya viazi kila Ijumaa. Nimeongezeka kilo tatu, mwambie mama, hilo unaweza kumwambia.

Nimepata wakili. Anaitwa Bi Thuy, wazazi wake walikimbia Vietnam kabla hajazaliwa, na ananisaidia bure. Nilimpa ujumbe wako.

"Nimwonyeshe jaji bega?"

"Usimwonyeshe bega," akasema. "Jaji haamui kama ulipigwa risasi au hukupigwa."

"Sasa anaamua nini?"

"Kama Baraza lilifuata sheria lilipokusikiliza. Basi. Wanaweza kukosea kila kitu kuhusu wewe, na kosa hilo likawa halali."

Nimetembea na maneno hayo wiki nzima, kosa halali. Nikamweleza habari ya usijisumbue. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaivaa akasema hilo si kosa la Baraza, ni langu. Kosa la Baraza ndilo analolitafuta, na mpaka sasa hajalipata. Kesi itasikilizwa Novemba. Asipolipata, itaanguka, na baada ya hapo ni ndege.

Tena sina jina. Watu wanaoomba hifadhi hawatajwi kwa majina mahakamani, ili wabaya wao wasiwajue, kwa hiyo nimepewa herufi tatu na namba mbili. Niliwahadithia kiwandani, na mwenzangu mmoja Msamoa sasa ananiita Roboti.

Kuhusu swali lako: hawakuandika lolote juu ya familia, hata kwa maandishi madogo. Kwa nini umeuliza? Najua umesema nisiulize, nauliza. Na huyo Shirin Gul nilipomwona msikitini alinikimbia kwa mwendo ambao mtu wa presha hana.

Barat Ali, au Roboti

*

Quetta, 15 Julai 2017

Roboti wangu,

Sisi hatujambo, ila joto limetutoa ndani, tunashonea uani. Binti wa mwokaji amechumbiwa. Kaka yako amenunua pikipiki na ameanguka nayo mara mbili, mara zote mbili ikiwa imesimama.

Babu yako alikupa jina mbele ya watu sitini na mbuzi akachinjwa, leo wanakuita kwa namba kama mita ya umeme. Lakini kama ni kwa ajili ya wabaya, sawa, wakuite hata sufuria.

Nimekukusanyia alama za vidole gumba arobaini na mbili, za watu wanaojua ulikuwa msafarani siku ile. Muuza kuku ameweka mbili kwa sababu anakupenda. Bi Thuy akisema jaji hazitaki, basi huyo jaji hajafundishwa kazi. Mtu anaulizwa na serikali kama ni mwongo au si mwongo, halafu mkubwa wa wote anasema hilo halimhusu?

Mama yako hajui kitu. Lakini ameacha kuniuliza habari za viza yako, na nisingeogopa hivi kama angeuliza.

Ya Shirin Gul achana nayo. Ana haraka tangu utoto wake. Kuna jambo nilitaka kuliandika hapa, lakini wino unaisha.

Aprikoti za mwaka huu ni nyingi mno. Nimeanika juu ya paa trei saba, na kila asubuhi nakuta ya nane ya jirani imesogezwa nyuma ya zangu ili ndege wale za kwangu kwanza. Nimemsogezea na yeye. Tunaamkiana vizuri kabisa, na trei zinatembea. Ukirudi nitakuonyesha. Hapana, usirudi. Kaa huko huko, nitakupigia picha.

Shangazi yako

*

Dandenong, 3 Septemba 2017

Shangazi,

Salaam, na natumaini wino umepatikana, maana nauhitaji.

Bi Thuy aliona lile faili tulilopewa na mawakili wa Waziri, wanaoipinga kesi yetu, ni jembamba, akadai faili zima la Baraza, mpaka vikaratasi. Juzi aliniita ofisini. Alikuwa ameweka karatasi moja katikati ya meza, peke yake. Ni ukurasa wa daftari lao la zawadi, kwa sababu wafanyakazi wa serikali huku hawaruhusiwi kupokea zawadi, ikija lazima iandikwe na ifungiwe. Akanisomea:

"Tarehe 9 Januari. Kitambaa kimoja kilichotariziwa makomamanga, pamoja na bahasha moja. Kimeletwa na mwanamke. Zawadi, haikubaliki. Imefungiwa kabatini."

Pembeni, kwa kalamu, namba ya faili langu.

"Unakijua hiki kitambaa?" akaniuliza.

Nikamwambia, kama komamanga moja ni la bluu, basi nimekula mkate juu yake miaka ishirini. Akanionyesha picha. La bluu lipo, pale uzi mwekundu ulipokuishia.

Shangazi, ile bahasha ina nini? Ililetwa siku nne kabla Mjumbe hajaandika kwamba sikuleta karatasi yoyote. Bi Thuy ananiuliza, Shirin Gul ananikimbia, na wewe unaniandikia aprikoti. Sikasiriki. Lakini niambie kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, haraka, na barua usiipe posta. Mpe mtu anayesafiri.

Barat

*

Quetta, 19 Septemba 2017

Barat mwanangu,

Leo sina salaam ndefu. Wote wazima.

Nilikudanganya kwa kunyamaza. Ulipopiga simu Novemba ukasema umekataa wiki mbili, niliweka simu chini nikavaa chadari nikaenda kwa mwenyekiti wa wauza mboga. Hataki kuandika jina lake popote, ana wajukuu. Nilikaa mlangoni kwake siku tatu. Alinikaribisha chai, nikakataa, akanikaribisha tena, nikakataa tena, mpaka akaelewa kwamba sikuja kwa chai. Siku ya nne akanipa ukurasa wa orodha ya msafara wa siku ile, ule wenyewe, una muhuri wa polisi waliowasindikiza. Lori la saba, jina lako, na mbele yake neno "majeruhi". Mwalimu wa Kiingereza akautafsiri. Mimi nikamwandikia barua yule mama Mjumbe, mwalimu akaitia Kiingereza nayo, nikamweleza kwamba kijana wetu amelelewa kukataa mara mbili, na kwamba kosa ni la mlezi.

Sasa wewe niambie, ningeipelekaje karatasi kwa mkubwa ikiwa uchi? Hivyo ndivyo kwetu watu hupeleka shida zao? Nikatoa kitambaa chetu cha mkate, nikakifua, nikaandika juu ya bahasha jina la Mjumbe na namba ya faili ulizonitajia kwenye simu, nikaifunga ndani, nikampa Shirin Gul. Nilimwapisha asikuambie, kwa sababu ulikwisha kumwambia yule mama usijisumbue, na sikutaka uone nimekuaibisha.

Kisha ukakataliwa. Shirin Gul akaniambia kwamba yule mtu wa dirishani kwenye Baraza alipokiona kitambaa alikunja uso, akasema, "Hii ni zawadi?" na yeye kwa adabu akajibu, "Ndiyo, zawadi ndogo tu." Hapo nikaelewa. Wamefikiri ni rushwa. Wamefikiri familia ya Barat Ali ni watu wa kununua maamuzi. Tangu barua yako ya Februari naamini mimi ndiye niliyekufungia mlango, kwa kitambaa. Ndiyo maana niliuliza waliandika nini juu ya familia. Ndiyo maana aprikoti.

Nimelia sana mwaka huu, mwanangu, na wasichana wa darasa wanafikiri ni macho. Nisamehe. Mwambie jaji kosa ni langu, aniadhibu mimi.

Nikbakht

*

Dandenong, 14 Desemba 2017

Shangazi yangu mpenzi, mwizi wa usingizi wangu,

Salaam kwa wote, na kwako mara mia. Kaa chini kwanza. Magoti yapumzike.

Mahakamani Novemba, Bi Thuy hakusema neno juu ya bega langu, wala juu ya barabara, wala juu ya malori. Alizungumza juu ya kitambaa. Saa nzima. Shirin Gul alikuwa amekula kiapo, na huwezi kuamini, alipoambiwa mambo yamejulikana aliwasimulia mpaka wakamwomba apumzike. Wakili wa Waziri akasema kitu kilicholetwa kama zawadi si ushahidi. Jaji ni mwanaume mwembamba anayeongea polepole.

"Bahasha iliandikwa nini juu yake?" akauliza.

"Jina la Mjumbe, Mheshimiwa. Na namba ya faili."

"Namba ya faili. Watu huandika namba ya faili kwenye zawadi?"

Wakili akapekua karatasi zake. "Hata kama ingesomwa, Mheshimiwa, isingebadilisha uamuzi."

"Ina nini ndani?"

"Haijafunguliwa, Mheshimiwa."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Basi mnajuaje kwamba isingebadilisha?"

Ikafunguliwa pale pale. Karatasi yako, muhuri wa polisi, lori la saba. Na barua yako kwa Mjumbe, Shangazi. Jaji aliisoma kimya mpaka mwisho, nikaona anabana midomo kama mtu anayezuia kucheka. Halafu akaikunja vizuri, vizuri sana.

Hukumu imetoka jana. Anasema Baraza lilipata karatasi siku nne kabla ya kuamua, likaifungia kabatini, kisha likamlaumu mwombaji kwamba hana karatasi, na kwamba hiyo si kusikiliza. Uamuzi umefutwa, na Baraza lazima linisikilize upya. Wewe hukunifungia mlango. Ungeituma kwa posta ikiwa uchi, ikasomwa na kukataliwa, leo ningekuwa sina kosa la kumwonyesha jaji. Bi Thuy anasema katika miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kushinda kwa taulo la mkate. Nimemwambia si taulo.

Sasa naweza kumwambia mama. Sijui nianzie wapi.

Barat Ali

*

Quetta, 10 Januari 2018

Barat jicho langu,

Salaam. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, kama ulivyoamuru, kisha nimesimama, kisha nimekaa tena. Nimelia, na safari hii wasichana nimewaambia sababu.

Lakini nielewe vizuri. Umeshinda, na ulichoshinda ni kuulizwa tena upya maswali yale yale? Mtu akishinda kwetu anavalishwa kilemba. Huko anarudishwa mwanzo wa foleni. Haya, nimefurahi hivyo hivyo, nimegawa halua mtaa mzima na muuza kuku amekula mara mbili.

Nilikwenda kwa mama yako kumwandaa polepole. Aliniacha nizunguke mpaka nikachoka, akasema, "Unafikiri sijui? Mtoto aliyepata viza anapiga simu akipiga kelele. Wangu mwaka mzima ananieleza habari za mvua." Amejua tangu Februari. Alinyamaza ili usijue kwamba anajua, usije ukahangaika. Hii familia inajiua kwa adabu.

Kwa hiyo sikiliza, na hii ni amri ya mlezi wako. Wakikuuliza, unasema ndiyo. Mara ya kwanza. Maji, ndiyo. Kiti, ndiyo. Wiki mbili, ndiyo. Kofi la halua nimelifuta leo.

Nami sitatuma kitambaa. Alama za vidole gumba nimempa mwalimu, zitakuja ndani ya bahasha ya kawaida, mbaya, ya kahawia. Naona aibu, lakini zitakuja hivyo.

Shangazi yako

*

Dandenong, 21 Juni 2018

Shangazi,

Simu umeshaisikia, na kelele nilizopiga zimesikika mpaka kwa muuza kuku, kwa hiyo habari yenyewe unayo. Lakini nilikuahidi barua, na kuna mambo hayasemeki mbele ya watu tisa.

Mjumbe wa safari hii alikuwa mzee mmoja mpole. Alisoma orodha ya msafara, akaniuliza juu ya lori la saba, nani alikaa kushoto, nani kulia. Nilijibu, na nilipofika kwa wale ambao hawakurudi nikaanza sentensi moja mara tatu. Akasema, "Unataka tupumzike?" Nikasema ndiyo. "Maji?" Ndiyo. Mwisho akauliza kama nataka wiki moja ya kuongeza chochote, na nikasema ndiyo kabla hajamaliza, ingawa sikuwa na chochote cha kuongeza. Bi Thuy alinikanyaga mguu chini ya meza.

Barua ya viza ilipofika, ilikuwa na jina langu lote, na la baba, na la babu. Nilisoma jina kwanza. Hayo mengine niliyasoma baadaye.

Wiki hiyo hiyo Baraza likaniita nikachukue mali yangu. Mtu wa dirishani akaleta kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia nitie sahihi, akauliza kama nataka na sanduku la kubebea. Nikachukua na sanduku.

Jumapili nilikitandika na mkate juu yake, nikawaita Bi Thuy na Shirin Gul. Bi Thuy alikula sahani moja, akaweka mkono juu ya sahani, akasema, "Hapana, asante, nimeshiba kweli." Nikamtazama, Shangazi. Nikaufikiria mwaka wote huu. Kisha nikamwondolea mkono nikamjazia.

Mwanao,
Barat Ali, mwana wa Nazar Ali, mjukuu wa Qambar